Waya wa Kijivu wa Injini ya Buluu

Jumanne, tarehe tisa Juni mwaka 1998, saa saba na robo mchana, uzi wa moshi ulitoka ndani ya injini ya buluu. Dhahabu, msichana aliyekuwa peke yake stooni, aliuona kabla harufu haijamfika. Alizima swichi, akang'oa plagi ukutani, akaanza kuupepea moshi kwa daftari lake la hesabu huku macho yako mlangoni. Wenzake walikuwa uwanjani. Hakuna aliyekuja.

Ilikuwa injini ya mchezo, urefu wake kiganja na nusu. Lakini kwa watoto wa shule ile, iliyokuwa nyuma ya nyumba za reli pale Changamwe, halikuwa jambo la mchezo. Bwana mmoja aliyewahi kuwa mhandisi wa reli hapo mjini, kisha akahamia ng'ambo kwa mwanawe, ndiye aliyewatumia sanduku. Ndani mlikuwa na reli ndogo, mabehewa manane, injini ya kijani, ya buluu na nyekundu, pamoja na mtambo wa kuziongoza. Wanafunzi wa darasa la saba walitengeneza meza ya mbao katika stoo ya zamani, wakapigilia reli juu yake, na stesheni wakaijenga kwa makatoni ya viatu.

Zamani treni za namna ile ziliendeshwa kwa njia moja tu: ukitia umeme kwenye reli, kila injini iliyo juu yake inaondoka, utake usitake. Sanduku hili lilikuja na njia mpya. Kila injini hutiwa ndani kibao kidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kinachoitwa dikoda. Umeme huwa kwenye reli wakati wote, na dikoda husikiliza. Ikisikia nambari yake kutoka mtamboni, huipa mota umeme. Isiposikia, hunyamaza. Kwa hiyo injini mbili huweza kukaa njia moja, kila moja na dereva wake. Watoto waliiita dikoda "sikio".

Dikoda zilikuwa tatu. Ya nne haikuwako Changamwe, haikuwako Kenya nzima, labda. Na sasa moja ilikuwa imeungua.

Karatasi ya maelezo ilikuja humo humo sandukuni. Mwalimu Mkuu, Bwana Mutua, aliichukua siku ya pili akaifungia kabatini ofisini kwake, ati isije ikachafuka. Hapo ndipo wakubwa wanaponishinda mimi. Karatasi imeandikwa ili isomwe, wao wanaitunza kama hati ya shamba.

Bahati nzuri Mwalimu Margaret, aliyefundisha sayansi, alikuwa ameshanakili mambo machache. Waya mwekundu uende kwa magurudumu ya kulia. Mweusi uende kwa ya kushoto. Wa rangi ya chungwa uende juu ya mota, na wa kijivu chini ya mota. Mwisho aliandika kwa wino mwekundu: pima kwa mita kabla ya kutia umeme. Jumamosi yeye na Dhahabu waliitia dikoda injini ya kijani. Kazi ilikwenda vizuri, maana mota ya injini ile ilikaa ndani ya kitanda cha plastiki, haikugusa chuma popote. Walipima, mshale wa mita haukucheza, wakatia umeme, ikaondoka.

Ya buluu ilikuwa ya zamani, nzito, chasi yake chuma kitupu. Dhahabu alipoifungua mchana ule akiwa peke yake, aliona kaboni ya chini, ile inayopitisha umeme kuingia motani, imeikalia chasi. Badala ya kushtuka alifurahi. Yeye alikuwa mtoto wa Boga, fundi wa umeme wa malori, na tangu ana miaka sita alisikia neno moja gerejini: mwili wa gari ndio athi. Waya mmoja huleta umeme, na chuma cha mwili huurudisha kwenye betri. Taa hivyo, honi hivyo, starta hivyo.

"Kumbe ni kama starta ya lori," alijiambia.

Akaiacha kaboni pale pale, akaulehemu waya wa kijivu kwenye chasi, lehemu ikang'aa kama tone la maji. Mita hakuigusa. Ya nini, na jambo analijua? Akaiweka injini relini, akatia umeme.

Na moshi ukatoka.

Sasa alikuwa ameshika bisibisi mkono mmoja na injini mkono wa pili. Kwenye dikoda palikuwa na doa la kahawia, limekauka kama ukoko wa sufuria. Alisikia viatu vinakuja. Akarudisha kifuniko cha buluu, akakaza skrubu, akaiweka injini rafuni, mahali palipobandikwa karatasi iliyoandikwa TAYARI.

Aliyeingia ni Ngowa, mwenyekiti wa chama cha treni, mvulana mwenye mdomo mrefu.

"Mbona kunanuka?" aliuliza. "Umechoma nini, mahindi?"

"Ni lehemu."

"Lehemu hainuki hivi. Nyinyi wasichana mkishika kitu lazima kiive." Akacheka peke yake. Kisha akaitazama rafu. "Ya buluu umemaliza?"

Dhahabu naye aliitazama rafu. Ijumaa wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuiona treni. Asubuhi ile ile, mbele ya shule nzima gwarideni, Mwalimu Mkuu alikuwa amesema: "Injini zetu anazishughulikia binti wa fundi, hatuna wasiwasi." Watoto mia saba walikuwa wamegeuka kumtazama.

"Nimemaliza," alisema.

*

Jioni alipitia gerejini kwa babake, kama kila siku. Gereji yenyewe ilikuwa kipande cha ardhi kando ya barabara ya Magongo, na paa la mabati lililoegemea ukuta wa mtu. Tangu mamake Dhahabu alipofariki, baba na binti walikutana hapo, wakala mbaazi na mahamri ya jana kwenye boneti ya gari lolote lililokuwapo, kisha wakafunga vifaa pamoja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe hiyo spana kumi na tatu." Boga alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. "Lori hili lina mafundi wanne kabla yangu. Wote wamebadilisha starta. Starta haina kosa hata chembe. Athi imeoza! Wallahi nusu ya malori ya nchi hii ni ugonjwa wa athi."

Siku nyingine Dhahabu angecheka. Siku ile neno "athi" lilimchoma.

"Baba."

"Naam."

"Kitu kikiungua mara moja... kinaweza kupona chenyewe?"

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

"Kilichoungua hakiponi, mama. Kinangoja." Miguu ilijikunja, Boga akatoka chini ya lori anajifuta. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna."

Boga alimtazama kidogo, akarudi chini ya lori. Mwenye lori alikuwa amesimama hapo hapo anapiga kelele. Watu wenye malori hawajui kungoja.

*

Jumatano Mwalimu Margaret alipita mbio na mafaili kwapani. Mwalimu Mkuu alikuwa amempa kazi ya viti, kazi ya maua, kazi ya soda na kazi ya kufundisha watoto wimbo wa wageni, na bado ana masomo yake sita.

"Dhahabu, ya buluu umeipima kwa mita?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Vizuri sana. Nyekundu tutaitia kesho." Akaenda zake.

Huo ulikuwa uongo wa pili, nao ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Hilo lilimwogopesha Dhahabu.

Mchana madereva wa Ijumaa walichaguliwa. Wageni wanapenda watoto wadogo, alisema Mwalimu Mkuu, kwa hiyo injini ya buluu ingeendeshwa na Kaviha wa darasa la nne. Kaviha alikuwa mfupi hata ilibidi asimame juu ya kreti la soda ndipo aifikie meza. Alifanya mazoezi kwa injini ya kijani. Na alikuwa na tabia yake: kila injini inaposimama, huinyanyua kwa mikono miwili, magurudumu yangali yanazunguka, akaibandika shavuni kusikiliza mota.

"Kaviha, iache chini," Dhahabu alisema.

"Inaimba, dada! Sikiliza. Na ya buluu nayo inaimba?"

"Sijui."

"Si wewe umeitengeneza?"

"Nimesema iache chini!"

Kaviha alishtuka, akairudisha relini polepole. Ngowa akasema, "Leo bi mkubwa amelala upande gani wa kitanda?" Watoto wakacheka. Dhahabu hakusikia. Alikuwa anaangalia lile shavu dogo, na kichwani anaona doa la kahawia, chuma cha moto, moshi. Mkono wa mtu mzima ukichomeka hutupa kitu chini. Mtoto je? Mtoto hukishika zaidi.

Usiku ule aliota meza nzima inawaka.

Alhamisi ingekuwa siku ya kujaribu injini zote. Dhahabu alikuwa amekata shauri: ya buluu itiwe relini, iharibike mbele ya mwalimu bila mtoto kuishika, na mambo yaishe. Lakini saa tatu umeme ulikatika Changamwe yote mpaka Mikindani. Walingoja. Saa nane haujarudi. Injini nyekundu haikutiwa dikoda, kwa sababu chuma cha kulehemia hakipati moto bila umeme. Ya buluu ilibaki rafuni chini ya lile neno TAYARI.

Mwalimu Mkuu alichungulia mlangoni, tai shingoni, jasho kipajini, pakiti ya sigara mfukoni mwa shati.

"Mpo sawa humu?"

Mwalimu Margaret alisema, "Bwana Mutua, bila kujaribu leo, mimi ningeomba tuonyeshe injini ya kijani peke yake."

"Peke yake! Mimi nimeshawaandikia wageni injini mbili zinapishana."

Dhahabu alisimama. "Mwalimu, ile ya buluu..."

"Binti wa fundi!" Bwana Mutua alimkata. "Kesho saa nne sitaki kusikia matatizo. Nataka kusikia treni."

Mlango ukafungwa. Mwalimu Margaret alimgeukia. "Ulitaka kusema nini?"

Mtu akipigwa kofi la maneno namna ile, hata lililokuwa mdomoni hurudi tumboni. "Nilitaka kusema... iko tayari," Dhahabu alisema.

*

Jua lilikuwa halijazama alipofika gerejini. Boga alikuwa anasuka waya za taa. Dhahabu hakusalimia. Alikaa juu ya tairi, akaanza kulia bila sauti, mabega tu yanacheza.

Boga aliweka koleo chini. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kesho, baba. Kesho mtu ataungua."

Akamweleza yote: moshi, doa, kifuniko, "nimemaliza", "ndiyo mwalimu", Kaviha na shavu lake. Boga alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nichoree."

Dhahabu akachora mchangani kwa msumari: reli mbili, magurudumu, chasi, mota, dikoda. Akachora waya wa kijivu unaofika kwenye chasi.

"Na chasi hii imegusana na nini?"

"Na magurudumu ya kushoto."

"Na magurudumu ya kushoto yamekalia nini?"

Kidole cha Dhahabu kilifuata mstari mchangani, kutoka reli, kupanda gurudumu, kuingia chasi, mpaka kwenye waya wa kijivu. "Reli," alisema. "Reli yenye umeme."

"Ehe. Lori lina betri moja, na mwili wake ni njia ya kurudi. Hapa hakuna mwili wa kurudi. Reli zote mbili zina umeme. Dikoda inatoa umeme kwa mdomo wake, nawe umeufunga mdomo huo kwenye reli inayoirudishia umeme ndani. Itapona wapi? Mota ilitakiwa ikae peke yake, kama mgonjwa wa surua. Isiguse chasi, isiguse gurudumu, isiguse chochote ila nyaya zake mbili."

"Mimi nilifikiri mwili ndio athi."

Boga alitaka kusema kitu, akakiacha. Akauliza, "Moshi ulipotoka, mtambo ulijizima wenyewe?"

"La. Niliuzima mimi."

"Haukujizima?"

"Haukujizima."

Boga alisimama kabisa. "Mtambo kama ule una fyuzi. Ikitokea njia ya mkato, umeme ukaruka bila kupita motani, fyuzi hukatika kwanza, kabla chochote hakijachemka. Kwa nini haikukatika?" Akatikisa kichwa. "Volti zake ni ndogo, hazitamrusha mtoto. Lakini nyaya zilizo chini ya meza zitawaka kama utambi, na meza ni mbao. Kesho saa moja tuko shule."

"Utawaambia wewe, baba?"

"Mkono uliolehemu ni wangu?"

"La."

"Basi utasema wewe. Mimi nitasimama nyuma yako. Na uongo ule wa mita, huo nao utautaja. Usiuache nje, maana huo ndio ulioifikisha injini mpaka kesho."

*

Ijumaa saa moja kasorobo walimkuta Mwalimu Margaret anapanga viti. Umeme ulikuwa umerudi. Dhahabu alisimama mbele yake, akatazama vidole vya miguu yake, akasema:

"Mwalimu, dikoda ya injini ya buluu imeungua tangu Jumanne. Nimeiunguza mimi. Na sikupima kwa mita. Nilikudanganya."

Mwalimu Margaret alikalia kiti alichokishika. Kisha akasema, "Kwa hiyo Kaviha..."

"Ndiyo, mwalimu."

"Dhahabu!" Aliinuka kwa hasira, akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Nimekasirika, nisikufiche. Lakini na mimi nilikuuliza huku nakimbia. Swali la mbio hupata jibu la mbio. Haya, ilete hiyo injini."

Ngowa na Kaviha walikuwa wameshafika, wamevaa soksi nyeupe. Ngowa alipoelewa kilichotokea alifungua mdomo amtanie Dhahabu, akauona uso wa Boga, akaufunga.

Boga hakuiweka injini relini. Kwanza aling'oa plagi, akaiweka mezani mbele ya watoto wote ionekane. Kisha akatoa mkobani balbu ya indiketa ya pikapu, yenye nyaya mbili. "Hii kwetu tunaiita shahidi," alisema. "Tunaukata waya unaokwenda relini, tunaifunga hii katikati. Injini ikiwa nzima, shahidi anasinzia. Ikiwa na njia ya mkato, shahidi anapiga kelele, na umeme wote unaishia kwake, hakuna kinachoungua."

Alifunga balbu, akaiweka injini ya buluu relini, akasema, "Mikono juu, kila mtu." Watoto wote wakainua mikono, hata Mwalimu Margaret. Ndipo akarudisha plagi, akatia umeme. Balbu iliwaka kwa nguvu zake zote, stoo ikawa ya rangi ya chungwa.

"Haa!" Kaviha alisema.

"Ushahidi huo. Hiyo ndiyo ungeiweka shavuni." Boga akazima, akang'oa tena plagi. "Sasa nionyesheni fyuzi."

Aligeuza mtambo, akafungua kifuniko kidogo cha nyuma. Mahali pa fyuzi ya kioo palikuwa na karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara, imesokotwa ikawa kamba. Boga aliitoa kwa koleo, akaiweka kiganjani.

"Nani ameweka hii?"

Ndipo Mwalimu Mkuu akaingia, akaona injini imefunguliwa, skrubu zimetapakaa, na fundi mwenye ovaroli ya mafuta katikati ya viti vya wageni.

"Ni nini hiki? Wageni saa nne!"

Dhahabu akasema tena maneno yale yale, mara ya pili asubuhi hiyo. Neno "nilidanganya" nalo hakuliruka.

"Yaani nimekusifu mbele ya shule nzima," Bwana Mutua alisema, "nawe unaniharibia mbele ya wageni. Ondoka humu. Kaa darasani mpaka waende."

"Samahani, bwana," Boga alisema. "Akiondoka yeye, nani atalehemu? Mimi macho yangu ni ya malori. Na hii, bwana, ni ya nani?" Akanyoosha kiganja chenye karatasi ya sigara.

Mwalimu Mkuu aliitazama. "Sasa si saa ya hilo," alisema, akatoka.

Walifanya kazi. Boga hakugusa chuma cha kulehemia hata mara moja. Alisimama nyuma ya binti yake, mikono mgongoni. Dhahabu alitoa dikoda iliyoungua, akachukua ile iliyokusudiwa injini nyekundu, ya mwisho. Hiyo nayo ikiungua, hakuna nyingine. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na Ngowa, bila kuambiwa, akawa anampepea kwa kitabu.

"Kaboni hii isiguse chasi," Dhahabu alisema. "Niitenge kwa nini? Tepu itateleza."

"Fikiri," Boga alisema.

Dhahabu alifikiri. "Mpira wa vali ya baiskeli."

"Sema tena."

"Mpira wa vali. Ni mwembamba na umeme haupiti."

Ngowa alitoka mbio, akarudi na kipande alichopewa na fundi baiskeli wa nje ya geti. Dhahabu alikikata, akakivisha kaboni pamoja na springi yake mpaka mota yote ikakaa bila kukutana na chuma. Waya wa kijivu akaulehemu kwenye springi ya kaboni, si kwenye chasi. Kila pahali palipolehemiwa alipavika mpira mwingine. Kibao chenyewe akakilaza juu ya kipande cha plastiki, kisiguse chuma.

Kisha akachukua mita. Ncha moja kwenye mota, ncha nyingine kwenye gurudumu la kushoto. Mshale ulilala. Gurudumu la kulia, ukalala. Chasi, ukalala.

"Tena," alisema Mwalimu Margaret.

Akapima tena. Boga alitoa fyuzi ya kioo mkobani mwake, akaitia mtamboni. Injini ikawekwa relini, shahidi yuko kwenye waya. Mikono juu. Umeme.

Balbu haikuwaka. Ulionekana uzi mwekundu hafifu ndani yake, kama jicho la paka linalosinzia. Dhahabu alibonyeza nambari. Injini ya buluu ilitikisika, ikaenda hatua tatu, ikasimama ilipoambiwa isimame.

Hakuna aliyeshangilia. Dhahabu alikaa chini sakafuni.

Saa nne ilipita. Saa tano ilipita. Wageni wa saa nne walifika saa tano na nusu, kama ilivyo desturi ya wageni wa aina ile, wakanywa soda, wakatazama saa zao. Injini ya kijani ilitoka stesheni ya makatoni, ya buluu ikangoja pembeni, zikapishana kama zilivyoandikiwa. Dhahabu alisimama kando ya swichi, kidole juu yake, hakupepesa macho. Treni iliposimama, Kaviha aliinama kwenye kreti lake, akainyanyua ile ya buluu kwa mikono miwili, akaibandika shavuni.

"Inaimba!" alisema. Wageni wakapiga makofi, wakaingia magarini mwao.

Boga alikuwa anataka kuwahi msikitini, lakini Mwalimu Margaret alimzuia kidogo. "Fundi, waambie watoto neno. Wewe ndiye umeona yote."

Watoto wa chama walikusanyika. Mwalimu Mkuu alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, sasa uso umelegea kwa sababu wageni walipiga makofi. Boga alikuna kichwa.

"Mimi shule niliishia darasa la tatu, kule kwetu Shika Adabu," alisema. "Sina maneno mengi. Huyu mwanangu hakukosea kwa kutojua. Alikosea kwa kujua. Nilimfundisha la lori, na sikumwambia kwamba ni la lori tu. Hilo ni kosa langu, nalikiri hapa. Kwa hiyo kila chombo kipya kiulizeni upya, hata mkiwa mafundi. Kipimeni kabla ya kukitia umeme, na plagi iwe nje. Hilo moja. La pili, kuunguza kidude si aibu. Mimi nimeunguza vingi kuliko miaka yangu. Aibu ni kukirudishia kifuniko ukamwachia mwenzako akishike. Dhahabu alikaa nacho siku tatu, kikamla yeye kwanza. Kisha akasema. Amechelewa, lakini amesema kabla mtu hajaumia, na kwa hilo mimi namheshimu. Mwenye kosa akisema mapema, kosa huwa kazi tu. Akinyamaza, huwa msiba wa mwingine."

"Maneno mazuri sana," Bwana Mutua alisema kutoka mlangoni. "Mmesikia, watoto? Mwenye kosa aseme. Kuna swali?"

Kwa kawaida hakuna mtoto anayeuliza swali Ijumaa mchana. Lakini Kaviha alikuwa bado juu ya kreti lake, na mkono wake ukapanda.

"Mwalimu Mkuu," aliuliza, "na yule aliyeweka karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, yeye atasema lini?"